Saiba Mwembe Tayari: kila baada ya adhuhuri kompyuta zapata 169.254, na nyingine zina anwani lakini tovuti hazifunguki

#1 SaibaMwembeTayari, Jumatatu usiku

Assalaam aleikum wakuu. Nina saiba ndogo hapa Mwembe Tayari: kompyuta 14, printa 2, na waifai ambayo wateja wanaosubiri foleni nawapa nenosiri. Asubuhi mambo shwari. Ikifika saa saba saa nane hivi, maradhi yaanza, na si maradhi ya aina moja.

Kompyuta za safu ya nyuma, namba 11, 12 na 14, zapata anwani ya 169.254 na kitu. Namba 6 na 7 zapata 192.168.0 na kitu, ilhali ruta yangu ni 192.168.1.1. Namba 9 ina anwani sawasawa, nikipiga pingi (ujumbe mfupi wa kujaribu njia) kwa 8.8.8.8 ya Google yajibu, lakini nikiandika jina la tovuti yoyote, hapana kitu.

Kampuni ya intaneti nimeipigia mara 3. Jibu ni lile lile, zima ruta uwashe. Nikizima na kuwasha hukaa sawa saa moja au mbili, kisha yarudi. Leo mama mmoja alikuwa amjazia mwanawe fomu za chuo, amefika ukurasa wa mwisho, ikakatika. Nilimrudishia pesa zake lakini mchana mzima umempotea, na mimi sikuwa na la kumwambia. Naomba mnisaidie kujua nianzie wapi.

#2 Likoni_Feri

Pole sana ndugu. Hizo ni nyaya za baharini. Zikiguswa huko, sisi huku ndio twaumia. Mwaka 2024 si ulikuwa vivyo hivyo, mwezi wa tano?

#3 FundiWaKibokoni

@Likoni_Feri hapana yakhe, hapa bahari haihusiki. Ule mkatiko wa tarehe 12 Mei 2024 ulikuwa wa nyaya za EASSy na Seacom, na intaneti ilikuwa nzito Afrika Mashariki nzima, si safu ya nyuma ya saiba moja. Nyaya zatua hapa kwetu Mombasa tangu TEAMS na Seacom za 2009, lakini anwani ya kompyuta haitoki baharini. Yatolewa na ruta iliyo ukutani mwake. Hata akiung'oa waya wa intaneti kabisa, kompyuta zafaa kuendelea kupata 192.168.1 na kitu. Hazitafungua tovuti, lakini anwani zitapata.

169.254 maana yake kompyuta imeita, imeita, hakuna aliyeitikia, ikajipa anwani yenyewe. Nambari hiyo ukiiona, sahau intaneti kwanza. Tafuta kwa nini wito haukufika au haukujibiwa.

#4 Bint_Tudor

Kaka, umeeleza vizuri, na naona una shida tatu tofauti ulizozifunga kamba moja. Zifungue. Kwenye namba 6, ikiwa katika hali ile mbaya, andika `ipconfig /all` kisha utuwekee mistari mitatu: anwani yenyewe, ule unaosema DHCP Server (kinachogawa anwani), na ule wa DNS (kinachogeuza jina la tovuti kuwa nambari). Fanya hivyo pia namba 9. Usizime ruta kabla ya kufanya hivyo, ukizima ushahidi wote wapotea.

#5 MdauDar

Habari za huko pwani. Huku kwetu saiba tunaita intaneti kafe, lakini tumeelewana 😄. Mimi nilipata shida kama hii ofisini, nikaweka DNS ya 8.8.8.8 kwenye kila mashine, ikaisha siku hiyohiyo. Weka hiyo, ndiyo DNS yenye kasi kuliko zote. Usihangaike na mengine.

#6 Bint_Tudor

@MdauDar itasaidia namba 9, huenda. Lakini kompyuta yenye 169.254 haina hata lango la kutokea, ukiipa 8.8.8.8 itafikaje huko? Na hilo la kasi kuliko zote si kweli kwa kila mtu. Kasi ni umbali wa seva inayokujibu kutoka ulipo na njia ambayo kampuni yako inapitia. 8.8.8.8 ipo tangu Desemba 2009 na 1.1.1.1 tangu Aprili 2018, zote nzuri. Pima mwenyewe kwa pingi, ile inayokujibu kwa milisekunde chache ndiyo yako. Mara nyingine ni ya kampuni yako yenyewe.

#7 SaibaMwembeTayari, Jumanne saa nane na nusu mchana

Nimefanya. Namba 6:

Anwani 192.168.0.104
DHCP Server 192.168.0.1
DNS 192.168.0.1

Mimi sina kitu chochote chenye 192.168.0.1. Nina ruta moja tu, ile niliyopewa na kampuni. Namba 9 kuna mteja, nitaitazama jioni.

#8 FundiWaKibokoni

Basi una mgeni ndani ya nyumba. Kuna ruta ya pili imeungwa kwenye mtandao wako, nayo yagawa anwani zake.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Kompyuta ikiwaka haijui mtu. Yapaza sauti kwa kila aliyeungwa: nani atanipa anwani? Ruta yajibu: chukua hii. Kompyuta yasema: haya, naichukua hiyo. Ruta yamaliza: ni yako kwa muda kadhaa. Mambo manne, basi, ruta yasikiliza poti 67, kompyuta poti 68 (hizi ni nambari za milango ya mawasiliano, si matundu ya kebo). Sasa wakiwa wagawaji wawili, kompyuta kwa kawaida yachukua jibu lililotangulia kufika. Haina njia ya kujua nani mwenye nyumba nani mgeni. Ikiangukia kwa mgeni ambaye hana intaneti, ndiyo hiyo namba 6 yako.

Kumkamata: zima ruta yako kubwa, kisha namba 6 andika `ipconfig /release` halafu `ipconfig /renew`. Ukipewa anwani na ruta yako imezimwa, mgeni yupo hai. Andika `arp -a` uone herufi na tarakimu za MAC (kitambulisho cha kifaa) zilizo mbele ya 192.168.0.1, zile jozi tatu za mwanzo ni za kiwanda kilichotengeneza, utajua watafuta kisanduku cha aina gani. Kisha nenda kwenye swichi (kile kisanduku kinachounganisha kebo zote) uchomoe kebo moja moja, kila ukichomoa piga pingi 192.168.0.1. Itakaponyamaza, umeishika kebo yake mkononi.

#9 MzeeWaKizingo

Salaam vijana. Nimefurahi kuona jambo hili likielezwa kwa Kiswahili. Niongeze kidogo kwa wanaosoma wasiojua tofauti ya DNS na DHCP.

Mji wa Kale ukitafuta nyumba, mtu hakutajii nambari. Wauliza jina: kwa fulani ni wapi? Mzee aliyekaa barazani akwelekeza, kata kulia penye msikiti, mlango wa tatu. DNS ni yule mzee wa barazani. Wewe wajua jina, yeye ajua nyumba. Akiwa hayupo, nyumba ziko palepale na njia ni zile zile, lakini mgeni hafiki. Ndiyo hali ya kompyuta namba 9. Na DHCP ni yule anayekupa chumba cha kulala uingiapo mjini. Bila chumba huna pa kukaa hata ukiwajua wazee wote.

Zamani majina yote ya kompyuta duniani yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, ikitunzwa huko SRI, taasisi ya utafiti ya Marekani, na kila mtu akiinakili. Ilipokuwa kubwa mno, Paul Mockapetris akabuni DNS mwaka 1983. DHCP nayo ikaja 1997.

#10 Bint_Tudor

Ahsante mzee, shikamoo. Hapo mwisho tu: andiko la kwanza la DHCP ni la 1993. La 1997, RFC 2131, ndilo linalotumika mpaka leo, kwa hiyo watu wengi huhesabu kutoka hapo. Na kabla yake kulikuwa na BOOTP ya 1985.

#11 MzeeWaKizingo

Marahaba mwanangu. Umesahihisha vyema.

#12 Hotelini_Bamburi

Mimi natoa kisa changu, kwa sababu nadhani wote mwamkimbilia mgeni na kuna kitu kingine.

Nilifanya kazi hoteli moja ya ufuoni. Kila Jumamosi wageni wapya wakija, waifai yakataa. Simu zashika mnara vizuri lakini hazipati anwani. Wiki mbili tunabadilisha vifaa. Kumbe seva iliyokuwa ikigawa anwani ilikuwa ya Windows, na muda wa kuazima anwani ulikuwa ule iliotoka nao kiwandani, siku 8. Mgeni akaa siku 2 aenda zake, anwani yake bado imeandikwa jina lake siku 6 zaidi. Na fungu lote ni anwani 254. Familia moja ina simu 4 na tableti 2. Hesabu vyumba mwenyewe.

Tulipunguza muda ukawa saa 4, tukapanua mtandao ukawa na nafasi 1,022. Jumamosi iliyofuata sikupigiwa simu hata moja. Ndugu wa saiba, fungua ruta yako, tazama fungu lina anwani ngapi na muda ni saa ngapi.

#13 SaibaMwembeTayari, Jumanne usiku

Wakuu, mgeni nimemshika! @FundiWaKibokoni Mungu akulipe.

Nimezima ruta, namba 6 ikapewa anwani vilevile. Nikachomoa kebo moja moja kwenye swichi ya mbele. Poti ya 15, pingi ikanyamaza. Kebo yenyewe sikuitambua, ni nyeupe, zangu zote ni za buluu. Nikaifuata kwa mkono: yapanda nyuma ya kabati, yaingia tundu la bomba la zamani, yatokea juu kwa fundi cherehani. Nikakumbuka. Mwaka juzi nilimvutia kebo ile ili apate intaneti, twachangia bili. Nimepanda juu, nikaikuta imepita chini ya meza ya kukatia vitambaa, juu ya mabaki ya leso na nyuzi, hadi kwenye ruta ndogo mpya, na imechomekwa poti ya LAN (ya vifaa vya ndani) badala ya ile ya WAN (ya kupokea intaneti). Mwanawe hutoka shuleni saa sita na nusu, ndiye huiwasha apate waifai ya simu. Saa sita na nusu! Mimi kutwa nalaumu kampuni.

Tumeigeuza kebo kwenye poti ya WAN, kijana amepata intaneti yake, mimi namba 6 na 7 zimerudi 192.168.1. Nashukuru sana.

#14 FundiWaKibokoni

Alhamdulillah. Nilijua tu. Uzi ufungwe.

#15 Nyali_Kusi

Usifungwe. Namba 11, 12 na 14 hamjazieleza.

Fikirini. Kama ruta ya juu ilikuwa ikigawa anwani mtandao mzima, basi hakuna kompyuta ingekosa. Ingepata ya kweli au ya mgeni, lakini ingepata. Sasa hizi tatu zimeita na hazikujibiwa na YEYOTE, si mwenyeji si mgeni. Kwa hiyo tatizo la safu ya nyuma liko kwenye njia ya kwenda huko. Ndugu, safu ya nyuma imeungwa vipi?

#16 SaibaMwembeTayari

Safu ya nyuma ina swichi yake, poti 8. Niliinunua imetumika, ilitoka ofisi fulani iliyofungwa. Ni ile nzito ya chuma, yenye tundu moja la kando limezungushiwa rangi ya buluu. Kebo moja yatoka swichi ya mbele hadi hiyo.

#17 Hotelini_Bamburi

@Nyali_Kusi hoja yako nzuri lakini yategemea kuwa ruta ya juu huwa imewashwa saa zote za mchana. Kijana akienda kucheza mpira akaizima, na fungu la ruta kubwa limejaa, kompyuta itakayowashwa wakati huo itapata 169. Bado nauliza: fungu lina anwani ngapi?

#18 SaibaMwembeTayari, Jumatano asubuhi

Nimefungua ruta. Fungu ni kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149. Muda umeandikwa 86400.

#19 Hotelini_Bamburi

Anwani 50. Na 86400 ni sekunde, yaani saa 24. Toa kompyuta 14 na printa 2, wabaki na 34. Kwa siku wapata wateja wangapi wenye simu?

#20 SaibaMwembeTayari

Siku ya kawaida hamsini, sitini. Mwezi wa kujaza fomu hata themanini. Usiku nazima kila kitu kwenye soketi.

#21 Hotelini_Bamburi

Basi hilo ndilo jibu, na lafafanua mpaka saa. Usiku ruta yazimwa, yasahau orodha, asubuhi yaanza na ukurasa mtupu. Kufika saa saba simu ya thelathini na tano yaingia, fungu limekwisha. Na ndiyo maana ukizima na kuwasha hukaa sawa kwa muda: umefuta orodha. Punguza muda uwe saa 2, fungu lianzie .20 hadi .250.

#22 Nyali_Kusi

Nakubali fungu ni dogo. Sikubali kuwa ndilo jibu. Kompyuta iliyopata anwani asubuhi hainyang'anywi mchana. Ikiazima kwa saa 24, itarudi kuomba kuongezewa nusu ya muda ikifika, yaani baada ya saa 12, na wakati huo saiba imeshafungwa. Kwa nini basi zikatike saa nane?

#23 SaibaMwembeTayari

Hapo umenifumbua macho. Namba 11 na 14 huwa siziwashi asubuhi, naziwasha wateja wakizidi, baada ya swala ya adhuhuri. Lakini namba 12 yawaka tangu saa mbili asubuhi. Ndiyo aliyokuwa akitumia yule mama.

#24 Nyali_Kusi

Basi 11 na 14 mpe Bamburi. Namba 12 ni yangu.

#25 Changamwe_Juu

Mimi nasema ni stima. Huku kwetu mchana stima yashuka, taa zafifia sekunde mbili zarudi. Kompyuta yenye UPS (betri ya akiba) haizimiki, lakini ruta yazimika na kuwaka. Ruta ndogo nyingi huandika orodha ya anwani kwenye kumbukumbu inayofutika. Ikirudi haijui kuwa .112 inatumiwa na kompyuta yako, yaipa simu ya mtu mwingine. Wawili wapata anwani moja, wote wakatika. Mtengenezee ruta UPS yake, hata ile ndogo ya volti 12. Mimi niliweka mwaka jana, na simu za usiku zimekwisha.

#26 Bint_Tudor

@Changamwe_Juu hilo hutokea kweli. Lakini anwani ikigongana, kompyuta nyingi hutazama kwanza kama kuna anayeitumia kabla ya kuipokea, na ikimwona huikataa iombe nyingine. Na dalili ya mgongano ni ujumbe wa mgongano, si 169 moja kwa moja.

Jambo moja kwa kila mwenye ofisi: printa zipe anwani za kudumu, NJE ya fungu. Nimeshaona printa iliyopewa kwa mkono anwani iliyo katikati ya fungu. Kila wiki mtu mmoja alikuwa akatika, na kila wiki ni mtu tofauti.

#27 MwalimuLikoni

Nachomeka langu hapa, msinifukuze. Maabara yetu ya shule kompyuta 3 zilikuwa zakataa tovuti zote kubwa, twadhani DNS. Kumbe betri ya saa ndani ya kompyuta, ile bapa ya CR2032, imekufa. Kila zikiwashwa zadhani ni miaka mingi nyuma, vyeti vya usalama vya tovuti zaviona ni vya siku zijazo, zavikataa. Tulinunua betri 3, tukarekebisha saa, basi. @SaibaMwembeTayari namba 9 tazama saa yake kule pembeni chini.

Na simu ya mwanafunzi mmoja ilikataa waifai yetu peke yake. Alikuwa ameweka seva ya DNS ya siri kwenye mipangilio ya Android ili kuzuia matangazo, na mtandao wa shule umefunga poti 853. Simu ikishindwa kumfikia mzee wake wa barazani aliyemchagua, haitaki kuuliza mwingine. Tuliirudisha iwe ya kujichagulia, ikapona.

#28 Likoni_Feri

"Mzee wake wa barazani aliyemchagua" 😂 Mwalimu umeniweza. Na mimi naomba radhi kwa nyaya za baharini.

#29 SaibaMwembeTayari, Jumatano usiku

Namba 9, saa yake ni sawa. Lakini nimeona hiki: anwani yajipatia yenyewe, ila DNS imeandikwa kwa mkono, nambari mbili nisizozijua. Nimemuuliza kijana aliyekuwa akinifanyia kazi zamani, asema ni za ile kampuni ya intaneti tuliyokuwa nayo kabla ya hii. Nimeweka ijipatie yenyewe, nikaandika `ipconfig /flushdns` kufuta majibu ya zamani, na `nslookup`, ile ya kuulizia jina, sasa yajibu. Tovuti zafunguka.

#30 MdauDar

Si nilisema DNS!

#31 Nyali_Kusi

Ulisema, tena kwa mashine zote 😄. Lakini naomba mtu anieleze: kampuni ilibadilishwa lini, na kwa nini namba 9 ianze kusumbua sasa?

#32 SaibaMwembeTayari

Tulihama mwezi wa Machi. Namba 9 imeanza kusumbua kama wiki tatu zilizopita.

#33 FundiWaKibokoni

Seva za DNS za kampuni nyingi hujibu wateja wake tu. Huenda za kule ziliachwa wazi zikawa zamjibu kila mtu, kisha mhandisi wao akaja akafunga mlango. Nimekutana na hilo Kibokoni duka la dawa.

#34 Bint_Tudor

Au brauza ilikuwa na DNS yake yenyewe ndani, yapitia kama tovuti ya kawaida, haiulizi kompyuta. Siku hizi nyingi zina uwezo huo. Toleo jipya likaja, mpangilio ukabadilika, ndipo kosa la zamani likaonekana. Kaka, wiki tatu zilizopita ulisasisha brauza namba 9?

#35 SaibaMwembeTayari

Sikumbuki. Hujisasisha zenyewe.

#36 Hotelini_Bamburi

Tuseme namba 9 imepona. Fungu umepanua?

#37 SaibaMwembeTayari, Alhamisi saa tisa alasiri

Nimepanua, .20 hadi .250, muda saa 2. Printa nimezipa .10 na .11 kwa mkono. Saa hii kwenye orodha kuna vifaa 47. Namba 11 na 14 nimeziwasha saa saba, zimepata anwani papo hapo. Ruta ya juu imewaka na haisumbui.

Namba 12 imekatika saa nane na dakika 10. Ina 169.254.

#38 Nyali_Kusi

Haya. Anwani tele, mgeni hayupo, na bado. Fanya jaribio hili sasa hivi kabla haijarudi: ipe namba 12 anwani kwa mkono, 192.168.1.15, lango 192.168.1.1, upige pingi lango. Ikijibu, kebo ni nzima na tatizo ni ugawaji. Isipojibu, hata ungekuwa na anwani milioni hazikusaidii.

#39 SaibaMwembeTayari

Nimepiga pingi 20. Zimejibu 13.

#40 FundiWaKibokoni

Kichwa cha kebo hicho. Kebo yapita wapi?

#41 SaibaMwembeTayari

Yapita chini ya dirisha la nyuma. Dirisha halina kioo, ni mbao tu. Nimechomoa kichwa, nimekitazama kwa taa ya simu: vile vibati vidogo vya shaba vinane, viwili vya pembeni vimefanya ukungu wa kijani. Nikivigusa kwa ukucha watoka unga.

#42 Hotelini_Bamburi

Chumvi. Upepo wa bahari hauna huruma na shaba. Hotelini tulikuwa twakata vichwa upya kila mwaka upande wa ufuoni. Kata sentimita chache nyuma mpaka uone shaba nyekundu, bana kichwa kipya, kila waya kwa mpango wake.

#43 Bint_Tudor

Kaka, hivyo vibati viwili vya kijani ni vya namba 1 na 2, au 7 na 8? Mbele yako kichwa kikiwa kimeelekea juu na kile kibanio cha plastiki kikiwa nyuma, namba 1 iko kushoto. Mtandao wa megabiti 100 watumia 1, 2, 3 na 6 tu. Ikiwa ni 7 na 8, kebo ingeshuka kutoka gigabiti hadi 100 lakini isingepoteza pingi 7 kati ya 20.

#44 SaibaMwembeTayari

Ni 7 na 8. Nimeangalia mara mbili.

#45 Nyali_Kusi

Ndiyo maana bado naitazama ile swichi ya chuma. Tundu la rangi ya buluu ni la mafundi kuipangia amri, kwa hiyo ni swichi ya kiofisi. Swichi za namna hiyo, kebo ikichomolewa na kurudishwa, au kompyuta ikizimwa na kuwashwa, huizuia poti sekunde 30 zikihakikisha hakuna kitanzi (kebo zinazorudi zilikotoka) ndipo ziiruhusu. Kompyuta imeita ndani ya sekunde hizo, haikusikika, ikajipa 169. Windows hurudia kujaribu kila dakika 5, kwa hiyo ukingoja ingerudi yenyewe, lakini mteja hangoji dakika 5.

#46 Changamwe_Juu

Na kitu gani huifanya poti ikatike ianze upya? Stima. Swichi hiyo ina UPS?

#47 SaibaMwembeTayari

Haina. Kompyuta zina, swichi imechomekwa ukutani.

#48 FundiWaKibokoni

Poti kuzuiwa sekunde 30 hakufafanui pingi 13 kati ya 20. Kwa kawaida zingekufa zote au zingepita zote. Kata kichwa.

#49 Bint_Tudor

Au poti yenyewe ndani imeliwa na chumvi kama kichwa. Usikate kwanza, utapoteza jaribio. Badilishana: kebo ya 12 itie poti ya 14, ya 14 itie ya 12, kwenye swichi ile ile. Maradhi yakihamia 14, ni poti. Yakibaki 12, ni kebo au kompyuta yenyewe.

#50 SaibaMwembeTayari, Ijumaa kabla ya swala

Nimebadilishana kama alivyosema Bint_Tudor, nikaweka alama za karatasi kwenye kebo nisichanganyikiwe. Kichwa sijakikata. Yule mama nimempigia, amesema atakuja leo saa nane kumalizia fomu, nimemtengea namba 3 ya mbele. Kwenye namba 12 na 14 nimeacha pingi ikizunguka kwenye skrini, na kijana nimempa daftari aandike saa kila ikikosa jibu, na kama taa za dukani zilififia. Mpaka sasa, saa sita na robo, zote mbili hazijakosa hata moja.